Jicho la Kushoto

Barua ya kumhamishia karani masijala ilikuwa na mistari minne, na mstari wa mwisho ulimtakia kazi njema. Meneja wa ofisi ya maji aliisoma kwa sauti, akaikunja mara mbili, kisha akaisukuma juu ya meza kama mtu anayerudisha chenji.

"Usidhani ni adhabu, mama," alisema. "Lakini dirisha namba moja ndipo mteja anapoanzia. Mgeni hapokewi kwa kununa."

"Mimi nimenuna?" karani aliuliza.

Meneja alizipanga upya kalamu zake. "Sijasema umenuna. Wateja ndio wanaosema. Wengine wanasema unasinzia, wengine wanasema unawadharau. Kuna mmoja ameleta barua kabisa."

Karani hakuhitaji kuoneshwa barua hiyo. Mwandishi wake alikuwa mwalimu mstaafu aliyefika kila mwezi na ankara zake ndani ya mfuko wa nailoni, kuja kubishana na mita. Aliandika kwa wino mwekundu, kama enzi zake. Mhudumu wa dirisha namba moja, aliandika, hunitazama kwa nusu jicho, utadhani nimekuja kuomba.

Karani alikuwa amekaa kwenye dirisha lile miaka kumi na tisa na hakuwahi kusinzia hata dakika moja. Tatizo lilikuwa ngozi. Kwa muda wa miaka sita hivi, ngozi ya juu ya macho yake ilikuwa ikishuka polepole, na upande wa kushoto sasa ilizilalia nywele za kope. Ili amwone mteja vizuri ilimbidi ainue nyusi, na kufikia saa sita mchana paji la uso lilikuwa linamuuma. Akizipumzisha nyusi, anaambiwa ana dharau.

"Miezi mitatu," meneja alisema. "Mwisho wa robo tutaangalia tena kama unarudi dirishani au tunamthibitisha mwingine. Pumzika kidogo huko masijala, uso utachangamka."

Masijala ilikuwa chumba cha nyuma chenye rafu hadi darini na dirisha moja lililotazamana na ukuta. Upande mmoja yalipangwa majalada ya wateja, upande mwingine ya wafanyakazi. Siku ya kwanza, tarishi alileta trei ya barua, akamtazama karani usoni, akashusha sauti.

"Pole sana, mama. Usilie. Kazi ni kazi."

Hakuwa analia. Alisubiri tarishi afunge mlango, kisha akalia. Pole alikuwa ameshapewa, isingefaa ipotee bure.

Mume wake alikuwa mpigapicha. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: kiti kisicho na mgongo, pazia la bluu, taa mbili na kompyuta. Mtaa mzima ulikuwa umepita kwenye kiti kile. Walikuja watoto wanaoanza shule, maharusi, watu wanaoomba kazi na wazee wanaotaka picha ya kuachia wajukuu. Sifa yake ilikuwa moja, na ilimtosha: ukipigwa picha naye, unatoka ulivyotamani kuwa.

"Nataka kwenda kwa daktari wa uso," karani alisema Jumapili, wakiwa mezani.

"Uso unauma?" mume aliuliza.

"Hauumi. Nataka nipunguzwe ngozi ya macho."

Mezani alikuwepo pia dada wa mume, fundi cherehani, ambaye hakukosa chakula cha Jumapili katika nyumba hiyo wala maoni juu yake. Aliweka kijiko chini.

"Wifi, unataka kushonwa uso?"

"Kupunguzwa."

"Mimi ni fundi, usinifundishe kupunguza. Nguo ikishakatwa haiongezeki. Umemsahau yule mama wa duka la vitambaa? Alikwenda akavutwa. Siku hizi ukimwambia habari za asubuhi anakutazama kama umemletea taarifa ya msiba."

"Ndiyo maana sitaki kama yule. Nataka mtu asijue kama nimefanya kitu."

"Sasa mtu asipojua, umelipia nini?"

 Mume ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye sahani yake: "Fedha ya kamera ipo. Kamera itasubiri. Macho yake yatangulie."

Fedha hiyo walikuwa wameiweka miaka mitatu. Karani alimgeukia mumewe, akainua nyusi zake zote mbili ili amwone vizuri.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na kucha zake zilikuwa zimekatwa hadi mwisho. Hakuanza kwa kumshika uso. Alimwacha aeleze habari ya dirisha, ya barua na ya tarishi, na muda wote huo alimtazama bila kuandika chochote.

"Nautazama uso ukiwa kazini," alieleza. "Uso uliotulia hunidanganya. Haya, unataka ufanane na nani?"

"Na mimi."

"Wewe wa lini?"

Karani alifikiri. "Wa miaka kumi na tano iliyopita."

"Miaka siirudishi. Ngozi iliyoshuka naweza kuipunguza. Nikifanya kazi nzuri, watu watakuuliza kama umetoka likizo. Nikifanya mbaya, watakuuliza nani alikufanyia." Alichukua kioo kidogo, akamwonesha. "Nitakata hapa, ndani ya mkunjo wenyewe, ili kovu lijifiche ukifumbua jicho. Na sitakata sana. Ngozi nitakayoiacha ina kazi kubwa kuliko nitakayoiondoa, kwa sababu ndiyo itakayofunga jicho ukilala, na ndiyo itakayofanya jicho libaki lako. Kwa hiyo niletee picha zako za zamani. Zilizopigwa usoni, bila kucheka. Mimi sibuni sura ya mtu, naifuata ilikotoka."

"Picha tu?" Karani alicheka kwa mara ya kwanza tangu apewe barua. "Daktari, mume wangu ni mpigapicha. Ninazo za kujaza gunia."

Mume alikuwa ameketi kando, mkoba wa mkewe magotini. Yeye hakucheka.

Jioni ile karani alizitandaza picha kitandani, akachagua tano. Mume alisema ana kazi ya watu studio. Katika zote tano alikuwemo mwanamke mwenye macho mawili yaliyofumbuka sawasawa, kama madirisha yaliyojengwa na fundi mmoja siku moja. Karani alimtazama mwanamke huyo kwa ridhaa. Huyu ndiye ambaye wangemrudisha dirishani.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, alikalishwa kwenye kiti cha chumba cha matayarisho akiwa amevaa gauni la kijani linalofungwa nyuma. Alitakiwa achorwe akiwa ameketi, kwa sababu ngozi ya mtu aliyelala huenda isikotakiwa. Picha zake tano zilikuwa zimebandikwa ubaoni. Mume aliruhusiwa kusimama mlangoni hadi michoro ikamilike.

Daktari alichora jicho la kulia kwa kalamu ya zambarau bila shida. Alipofika la kushoto alisimama. Akapima kwa rula ndogo, akatazama picha, akapima tena.

"Umewahi kupata ajali?"

"Hapana, daktari."

"Kuanguka? Mkono au mguu wa upande mmoja kufa ganzi?"

"Hapana. Kwani vipi?"

"Nyusi ya kushoto iko chini kuliko ya kulia, na mkunjo wa kope nao uko chini. Kwenye picha zote, pande mbili ziko sawa. Ngozi peke yake haielezi tofauti hii." Alichora mstari taratibu, juu kidogo ya mkunjo, akaibana ngozi kwa kibano. "Funga macho."

Jicho la kulia lilifunga. La kushoto lilifika karibu na kufunga, likabaki na ufa mwembamba.

"Unaona," daktari alimwambia muuguzi. "Nikilifikisha lilipo pichani, halitafunga. Na jicho lililoshuka hivi bila sababu silikati kabla sijajua kilicholishusha. Itabidi tumpeleke akapigwe picha ya kichwa."

"Kichwa?" karani alisema. Mikono yake ilishika kingo za kiti.

Mume mlangoni alikuwa akiutazama mstari wa zambarau. Aliutambua. Alijua unapoanzia, unapopanda na unapopinda kuelekea sikioni, kwa sababu alikuwa ameuchora mara zisizohesabika, kwanza kwa penseli juu ya filamu, baadaye kwa kompyuta. Ulikuwa mstari wake, sasa umechorwa kwenye nyama.

"Daktari," alisema. "Kichwa chake kizima. Ni mimi."

Muuguzi aligeuka. Sauti ya daktari ilibadilika. "Ulimpiga?"

"Hapana! Mungu wangu, hapana. Nilimsafisha. Kwenye picha. Jicho hilo lilikuwa chini tangu namwoa, mimi ndiye nililipandisha."

"Katika picha ipi kati ya hizi?"

"Zote."

"Kuanzia lini?"

"Kuanzia ya harusi."

Daktari alifunika kalamu yake. Karani aliomba kioo, akapewa, akajitazama: macho mawili yamezungushiwa zambarau, moja juu, moja chini.

"Leo sikati," daktari alisema. Hakuonekana kukasirika, jambo ambalo mume aliliona gumu zaidi. "Nileteeni picha ambayo haijaguswa na mtu. Hata ikiwa mbaya. Ikiwa mbaya ndiyo nzuri. Nikishaona kweli jicho lilizaliwa hivyo, tutapanga upya."

Muuguzi alimpangusa karani kwa spiriti. Zambarau haikutoka yote.

Nyumbani, karani alisimama mbele ya picha ya harusi iliyokuwa ukutani miaka ishirini na sita. Aliishusha, na msumari ukatoka nayo.

"Umebadilisha nini kingine?"

"Jicho tu," mume alisema. Kisha, kwa kuwa siku ya kusema ukweli ilikuwa imeshaanza: "Na shingo. Kidogo."

"Shingo!"

"Mwaka ule tu ulipokuwa mgonjwa."

Karani alikaa kwenye kiti cha wateja, picha mapajani. Kwenye kioo alikuwa akiiona tofauti ya macho yake siku zote, lakini aliamini imekuja na umri, kwa sababu ukutani haikuwepo.

"Kwa hiyo miaka yote hii unanitazama na kuona kosa."

"Sikuona kosa. Ni kazi. Kila bibi harusi namnyoosha."

"Kila bibi harusi anakwenda kwao. Mimi nilibaki na wewe."

Mume alizima taa moja ya studio, akaiwasha tena. "Ya kwanza niliipandisha kidogo tu. Kwa unene wa nywele moja au mbili. Mama yako akaishika, akasema, 'Mwanangu alivyotoka!' Nikashindwa kumwambia. Basi ya pili, kama ningeiacha ilivyo, ingeiumbua ya kwanza. Nikaipandisha. Ya tatu ingeziumbua mbili. Baadaye sikuwa nafikiri tena, mkono ulikwenda wenyewe."

"Ningekatwa."

"Nilisema."

"Ulisema leo. Daktari aliomba picha wiki mbili zilizopita. Siku kumi na nne ulikula, ukalala, ukaamka, na picha zipo kwake."

Mume alizihesabu siku kwa vidole. Hesabu ilikuwa sahihi.

Wakati huo wifi aliingia na sufuria ya supu aliyoifunika kwa kitambaa, amejiandaa kwa mgonjwa. Aliona zambarau usoni, ukuta mtupu na kaka yake amesimama kama mtoto aliyevunja chungu. Akaelezwa. Aliisikiliza habari yote hadi mwisho, kisha akaweka sufuria juu ya meza ya kompyuta.

"Hilo ndilo jipya?" alisema. "Wifi, huyu ameninyima pua tangu nikiwa msichana. Hii ni pua ya baba yetu, nimeibeba miaka hamsini na tatu. Kwenye picha zake nina kapua ka mtoto wa jirani. Nilipokwenda kuchukua kitambulisho walinizungusha nusu siku, ofisa anauliza, 'Mama, huyu wa pichani ni mdogo wako?'"

Karani hakutaka kucheka. Bega lilimsaliti.

"Mbona hukusema?" kaka aliuliza.

"Niseme nini? Nilikuwa nimependeza." Akamgeukia wifi yake. "Lakini mimi picha yangu haikupelekwa kwa mtu mwenye kisu. Na wewe, mwanamume, huna haya. Mkeo si gauni, umpunguze begani bila kumwuliza."

Walizitafuta picha alasiri nzima, wote watatu sakafuni. Kabla ya kuolewa karani hakuwahi kupigwa picha, na katika zote za albamu jicho lilikuwa limepandishwa. Filamu za zamani zilipoinuliwa kwenye mwanga zilionesha alama nyembamba ya penseli juu ya jicho lile lile. Za kwenye simu za watoto zilikuwa za miaka ya karibuni, ngozi imeshashuka. Mume alizigeuza moja moja, na kila aliyoigeuza alitikisa kichwa kabla hajaulizwa.

"Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kukupiga picha?" wifi aliuliza, ameshika kiuno.

Karani alikuwa anajibu hapana. Halafu akakumbuka.

Siku aliyoajiriwa, ofisi ya maji ilikataa picha za kutoka nyumbani. Waajiriwa wapya walisimamishwa mmoja mmoja mbele ya ukuta mweupe, na ofisa wa utumishi akawapiga kwa kamera ya ofisi bila kuwaambia lini. Picha moja iliwekwa kwenye kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Karani aliichukia kiasi kwamba kwa miaka kumi na tisa alivaa kitambulisho hicho kimegeuzwa, nembo ya ofisi mbele na uso ukigusa blauzi, hadi jasho likaufuta. Picha ya pili iliwekwa jaladani.

Jalada lilikuwa masijala, rafu ya wafanyakazi, ya tatu kutoka chini. Kama asingetolewa dirishani, asingekuwa na ufunguo wa chumba hicho.

Utaratibu ulitaka kila kinachotolewa jaladani kiandikwe kwenye daftari. Asubuhi iliyofuata karani aliandika tarehe. Chini ya "kilichotolewa" aliandika: picha moja. Chini ya "aliyeazima" aliandika jina lake, na chini ya "sababu" alikaa muda mrefu na kalamu, mwishowe akaandika: matibabu.

Kisha akaitazama. Mwanamke wa pichani hakuwa amejiandaa. Kichwa kiliinama kidogo, midomo ilikuwa inaanza kuuliza kitu. Jicho la kushoto lilikuwa chini ya la kulia, si sana, na mkunjo wake ulianzia chini zaidi, hivyo uso wote ulionekana kama unasikiliza. Hakuwa mbaya. Alikuwa na jicho la binti yao wa pili. Miaka yote ya kumlea binti yule, ndugu wa pande zote mbili walikuwa wakijiuliza jicho lile amelitoa wapi, na wifi aliwahi kusema, kwa utani uliochoma, kwamba kwao halipo. Kila mara karani aliwaonesha picha ya ukutani: hata kwangu halipo.

Alirudisha jalada mahali pake. Picha akaiweka ndani ya kitabu kidogo, isijikunje.

"Huyu hapa," daktari alisema alipoiona. Akaipeleka karibu na taa, akachukua rula yake. "Milimita mbili. Amezaliwa nazo. Basi nitaliacha chini, mahali pake. Nikiyasawazisha macho haya, watu hawatajua ni nini kimebadilika, ila watahisi wamekutana na mgeni."

"Nami nitajisikia mgeni?" karani aliuliza.

"Wewe ndiye wa kwanza."

Safari hii mistari ilichorwa bila kusita, na alipoambiwa afunge macho, yote mawili yalifunga. Alichomwa sindano za ganzi, akalazwa, akasikia mkasi ukipita juu ya jicho kwa sauti ya mtu anayekata karatasi chumba cha pili. Kazi ilichukua muda usiozidi saa moja na robo. Mume alikaa nje, mkoba magotini. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Siku tatu za kwanza uso ulivimba. Wifi alikuja kila asubuhi na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi.

"Nisikufiche," alisema, "unafanana na mtu aliyebishana na mlango."

"Nani alishinda?"

"Mlango. Lala chali."

Siku ya sita nyuzi zilitolewa. Wiki ya pili weusi uligeuka manjano, na karani alikwenda dukani amevaa miwani ya jua hata mawingu yalipotanda. Majirani waliambiwa macho yanamsumbua, jambo ambalo halikuwa uongo. Mume alipika, alifua, alijibu alipoulizwa. Ukuta ulibaki na tundu la msumari, na hakuthubutu kulipaka rangi.

Ilipofika wiki ya sita alibaki na mstari mwembamba ndani ya mkunjo wa kila jicho, ambao hata yeye alipaswa kuutafuta. Likizo ya mwaka aliyoichukua ili apone ilikuwa imekwisha, na robo ya mwaka pia. Meneja alimwita, akamtazama kutoka nyuma ya kalamu zake, akatabasamu kama mtu aliyeshinda dau.

"Unaona? Nilikwambia. Masijala imekupumzisha. Uso umechangamka."

Karani alifikiri juu ya barafu, kibano na fedha ya kamera.

"Ahsante, meneja," alisema.

"Jumatatu rudi dirishani. Na ulete picha, vitambulisho vinabadilishwa. Siku hizi tunakubali za nyumbani."

Jumamosi alikaa kwenye kiti kisicho na mgongo. Mume alirekebisha taa, akarudi nyuma, akapiga mara moja tu. Kisha wote wawili walisimama mbele ya kompyuta, uso wake umejaa kioo chote: mikunjo ya pembeni ya macho, mvi mbili, jicho la kulia, na jicho la kushoto chini yake kwa milimita mbili. Mkono wa mume ulikuwa juu ya kipanya. Kidole kiliinuka.

Karani alikitazama kidole.

Mume aliutoa mkono juu ya meza. Akauweka chini ya paja lake, akaukalia. Wa pili akaukalia vilevile.

"Chapisha wewe," alisema. "Kitufe ni hicho cha kulia. Mimi nikishika, sijiamini."

Karani akabonyeza. Wakati picha ikitoka, mume aliendelea kuitazama ile ya kwenye kioo, kichwa kimeinama kidogo upande.

"Binti yetu huyu," alisema polepole. "Ametoka kwako mzimamzima."

"Mwambie dada yako."

Jumatatu, kabla ya saa tatu, foleni ya dirisha namba moja ilikuwa imeshafika mlangoni. Wa nne alikuwa mwalimu mstaafu, na mfuko wake wa nailoni. Aliweka ankara juu ya kaunta, akaanza kusema kwamba mita yake imepanda kwa mwezi ambao hakuwepo, akanyamaza katikati ya sentensi.

"Ulikuwa wapi wewe? Walimweka mtu hapa hajui hata kusoma mita."

"Nilikuwa likizo, mwalimu."

"Imekufaa." Alimkagua kwa makini, kama anayetafuta kosa kwenye daftari la mwanafunzi, na hakuona la kuzungushia. Macho yake yakashuka hadi kifuani, kwenye kitambulisho kipya alichotengenezewa asubuhi ileile, uso umegeuzwa mbele. "Ila picha hiyo haikupendeza. Jicho moja limekwenda chini."

Karani alishika kitambulisho, akakitazama, akakiachia.

"Lakini ni mimi?"

Mwalimu aliinamia kioo cha dirisha, akalinganisha, picha na mtu, mtu na picha.

"Ni wewe mtupu," alisema.

"Basi tuiangalie mita yako," karani alisema, akaivuta ankara upande wake.